Dereva Asiyependa Kusingiziwa

Dereva wa lori alijua kwamba akishindwa katika kesi ile ya ulevi barabarani, leseni yake ingekwenda na maji. Wakili wake akasimama kifua mbele, akamkabili askari.

"Afande, mteja wangu alikuwa akiendesha kwa mwendo wa kiungwana. Ulimsimamisha kwa sababu gani?"

"Sikumsimamisha, wakili. Alisimama mwenyewe penye kizuizi chetu, akashusha kioo, akaniambia nimjazie tangi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakili akamnong'oneza mteja wake, "Kanusha, bwana!"

Dereva akainuka kwa hasira ya mtu aliyeonewa. "Mheshimiwa hakimu, askari huyu ni mwongo wa kutupwa! Sikumwambia ajaze. Nilimwagiza nusu tangi tu."

Hakimu akanyoosha mkono kuipokea leseni.