Kipimo cha Mheshimiwa

Bethwel Aluoch alikuwa na tabia moja iliyomkera mkewe. Akimtazama mtu, haoni uso kwanza, anaona urefu. Miaka thelathini ya kutengeneza majeneza ilikuwa imemharibu macho. Mtu akiingia karakanani kuulizia kitanda, kabla hajaitikiwa salamu Bethwel amekwisha kujua futi zake na inchi zake. Selpha alikuwa akimwambia, "Baba Cyril, wacha kuangalia wageni wangu hivyo, wataanza kuogopa chai yangu." Akaahidi kuacha, wala hakuacha. Mazoea yana taabu.

Karakana ilikuwa kando ya njia inayoteremka kutoka Kiplombe kwenda mtaa unaoitwa Kambi Mbao. Chini ya mtaa kulikuwa na kijito kisicho na sifa yoyote, na juu ya kijito kulikuwa na daraja la miguu. Kulikuwa nalo, ndiyo, mpaka mafuriko ya mwaka juzi yalipolibeba. Tangu hapo watoto wa shule walivuka kwa kurukia mawe. Mheshimiwa Tororei, mwakilishi wa wadi, alikuja na magari matatu, akasimama mlangoni pa karakana kwa kuwa ndipo palipokuwa na kivuli, akaapa kwa jina la mama yake kwamba mvua nyingine haitawakuta watoto wakiruka mawe. Watu wakapiga makofi. Bethwel naye akapiga makofi, tena kwa moyo mmoja, na papo hapo, bila kutaka, akampima. Futi tano na inchi kumi na moja, mabega mapana.

Mvua nyingine ikaja, na nyingine. Kijito kikamchukua mlevi mmoja, watu wakasema ni pombe. Kikamchukua mama aliyekuwa na mtungi wa maziwa kichwani, watu wakasema ni utelezi. Bethwel akawatengenezea wote wawili. Mwezi wa tano kikamchukua Sabrina, binti wa Rukia mwenye duka la nguo, miaka saba, akitoka shuleni. Safari hii hakuna aliyepata la kusema.

Sabrina alikuwa mteja wa Bethwel, kwa namna yake. Kila jioni alipita kuomba maranda, yale yanayojikunja yakitoka kwenye mbao, akajifunga mkononi kama bangili, akaondoka akijiona bibi harusi. Siku ile alipoletwa kutoka majini, Bethwel alikimbilia karakanani akatoa mbao zake nzuri kuliko zote. Kisha akakumbuka. Kwa kina Rukia mtoto hazikwi kwenye jeneza. Aliogeshwa, akavishwa sanda, akabebwa kwa machela ya msikiti, na kabla ya saa kumi alikuwa ameshalala mchangani. Bethwel alisimama nje ya ukuta wa makaburi na kofia mkononi. Hakuwa mtu wa kulia kwa macho, siku zote alilia kwa randa na msumeno, na siku hiyo hakuwa na cha kufanya. Mbao zikakaa zimeegemea ukuta.

Baada ya wiki tatu Rukia alikuja na wanawake wengine watano wa mtaa.

"Mzee, tunataka sanduku," Rukia alisema. "Sanduku yoyote, hata ya makaratasi. Tunaandamana mpaka kwa ofisi ya mheshimiwa. Tutamwambia promise yake ilikufa, tumemletea azike."

"Na polisi?"

"Notice tumepeleka. Imegongwa muhuri. Hatutupi hata jiwe."

Bethwel alikubali kabla hajamaliza. Angeweza kugongelea mabaki ya ubao, yakatosha. Lakini marehemu baba yake, aliyemfundisha kazi kule kwao karibu na ziwa, alikuwa na sheria moja: jeneza halikatwi bila kipimo cha mwenyewe. Sasa ahadi ina urefu gani? Bethwel alizunguka zile mbao asubuhi nzima na penseli sikioni, mkono ukikataa kuchora mstari. Mwishowe akaupa mkono kipimo pekee kilichokuwa karibu, kipimo cha aliyeahidi. Mkono ukakubali. Alifanya kazi siku tatu, akapiga msasa mara mbili, akapaka vanishi, akatia vishikio vya shaba. Majonzi yote aliyoshindwa kumpa Sabrina aliyamalizia pale. Selpha alipoliona alisema tu, "Hii ya mchezo umeitengeneza kama ya ukweli." Bethwel hakumjibu, na hapo ndipo alipokosea, maana mke anayekuuliza jambo mara moja anakuokoa na polisi anayekuuliza mara kumi.

Wanawake walilibeba mpaka mjini wakiimba. Waliandika kwa karatasi, AHADI YA DARAJA, wakaibandika kifuani mwa jeneza. Mbele ya ofisi walilisimamisha ukutani, karibu na mlango. Mheshimiwa Tororei akatoka kuwasalimia, mwanasiasa anayejua kamera ziko wapi, akasimama pale pale kando ya jeneza akitabasamu. Watu wakaanza kucheka. Halafu mmoja akaacha, na mwingine, mpaka uwanja mzima ukanyamaza, kwa kuwa kila mwenye macho aliona. Kichwa chake kwa kichwa cha jeneza, bega kwa bega, kama shati lililoshonwa na fundi anayemjua. Mheshimiwa aligeuka akaliona, na tabasamu likafutika.

Kesho yake, saa nne asubuhi, polisi walikuja kumchukua Bethwel.

Mkuu wa kituo alikuwa mama mmoja anayeitwa Njambi, mpole wa sauti na mgumu wa maswali. Jeneza lilikuwa pale ofisini kwake, limelazwa juu ya viti viwili. Tororei aliketi upande wa pili, mbali nalo kadiri chumba kilivyoruhusu. Selpha alikuwa ameachwa kwenye benchi la nje na dawa za presha za mumewe mkobani.

"Mzee, nikuelezee kitu," Njambi alianza. "Hao akina mama hawana kesi. Kuandamana ni haki yao. Kusema promise imekufa, hata wangeimba wiki mzima, mimi siwezi wagusa. Lakini hii," akaligonga jeneza kwa kalamu, "hii nimeipima na tepu. Tano, kumi na moja. Mheshimiwa ni tano, kumi na moja. Hii si ya ahadi, hii ni ya mtu. Akisaini statement yake, mimi nakupeleka kortini na makosa ya kutishia kuua. Na unajua hiyo si ya kulipa faini urudi nyumbani."

Bethwel alikuwa na miaka sitini na moja. Alihesabu akaona kwamba hiyo, kwake, ni kufia jela.

"Mama yangu aliona hiyo video huko Kapseret," Tororei alisema. Sauti yake haikuwa ile ya mikutanoni. "Tangu jana hajakula. Anauliza ni nani amenitabiria kifo. Mimi nimetukanwa mpaka nikazoea, Mzee. Wananiita mwizi, nanyamaza. Hii nimeshindwa."

Bethwel aliinamisha kichwa. Mama wa watu, yeye hakuwa amemfikiria hata kidogo.

"Lakini mimi si mtu mbaya," Tororei aliendelea, akatoa simu. "Utasema hapa kwa video mambo mawili. Moja, unaomba msamaha kwa hayo maandamano yote. Mbili, ulitumwa na wapinzani wangu. Ukisema hivyo, sisaini, unaenda nyumbani saa hii."

Njambi akamruhusu aongee kwanza na mkewe. Selpha alimsikiliza mpaka mwisho, akamfunga kifungo cha koti kilichokuwa wazi.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," alimwambia. "Sema hayo maneno tuende. Nani atakulaumu?"

"Rukia."

"Rukia ataelewa."

"Ndiyo. Ataelewa. Hiyo ndiyo mbaya."

Selpha alifungua mkoba akatafuta dawa. Alikuwa na hofu, lakini alimjua mtu wake. "Basi sema ile ambayo utaweza kulala nayo," alisema, akampa tembe moja ya presha na maji.

Bethwel alirudi ndani, lakini hakuketi.

"Mheshimiwa, weka simu chini kwanza. Kuna jambo nimekosea na kuna jambo sijakosea, na wewe umezichanganya kwa gunia moja. Kumpimia mtu jeneza akiwa hai ni vibaya. Baba yangu angekuwa hai angenichapa hata na hizi mvi zangu. Kwa hiyo nakuomba msamaha, si kwa sababu ya cheo yako, ni kwa sababu wewe ni mtoto wa mtu. Na mama yako nitaenda Kapseret nimpigie magoti, na hiyo jeneza niibomoe mbele yake. Hiyo unaweza rekodi. Lakini maandamano, hapana. Na sikutumwa na mtu. Nikisema nilitumwa nitakuwa nimemwambia Rukia mtoto wake alikuwa siasa."

Njambi alitazama kalamu yake.

"Ulinipima lini?" Tororei aliuliza. Swali hilo lilikuwa likimla tangu jana. "Sijawahi kukupa nafasi ya kunipima."

"Siku uliyoapa. Ulisimama kwa mlango yangu dakika kama ishirini. Mimi napima na macho, Mheshimiwa, hata nikikataa. Madam hapa ni tano na nne. Yule askari wa mlango ni sita kasoro inchi."

Njambi, bila kupenda, aliketi wima.

"Wewe nilikuona mara moja nikakujua," Bethwel alisema. "Mtoto wa Rukia alikuwa anapita kwangu kila siku. Alikuwa tatu na tisa. Mwaka jana alikuwa tatu na sita." Akagusa kishikio cha jeneza. "Hao hawatumii jeneza. Sikumtengenezea kitu. Hiyo yako, mbao zake nilikuwa nimemtolea yeye."

Machozi yalimtoka hapo, mbele ya watu, jambo ambalo hata msibani kwa baba yake halikuwahi kutokea. Hakuyafuta. Tororei alilitazama jeneza, vanishi yake na vishikio vyake vya shaba, na safari hii hakugeuza uso haraka.

"Mheshimiwa, utasaini ama?" Njambi aliuliza.

Tororei aliivuta karatasi, akaisoma, akairudisha mezani ikiwa vile vile, bila saini. "Kwa mama yangu utaenda," alimwambia Bethwel.

"Nitaenda leo."

"Kwanza nipeleke huko kwa mto." Akasita, kisha akasema kwa aibu ya mtu mzima, "Sijawahi shuka mpaka chini. Siku ile nilifika tu hapo kwako."

Waliteremka kwa gari lake mpaka njia ilipokwisha, wakamalizia kwa miguu, Selpha akiwafuata nyuma na mkoba wake. Mvua haikuwa imenyesha siku nne. Kijito kilikuwa kimetulia, maji ya rangi ya chai ya maziwa, upana wake chumba cha kulala. Vipande viwili vya daraja la zamani vilichomoza kwenye matope, na pembeni yake yakafuata mawe ya kurukia, yameota ukungu wa kijani.

"Ni hii tu?" Tororei aliuliza.

"Ni hii tu."

Bethwel alitoa tepu mfukoni, akamkabidhi ncha yake. "Wa kujenga atauliza upana. Mimi magoti yangu hayavuki. Shika hapo, Mheshimiwa, uvuke nayo. Usitumie mawe, pita pale daraja lilikuwa."

Tororei alivua viatu, akaviweka sawasawa kama mtoto wa bweni, akakunja suruali mpaka magotini. Hatua ya kwanza maji yalimfika kwenye mashavu ya miguu. Ya pili yaliilowesha suruali. Ya nne alizama ghafla, akapanua mikono, shati likaelea kumzunguka. Akasimama katikati. Maji yalikuwa yamepita kitovu.

Bethwel hakutaka kupima. Alijaribu kuutazama mti wa ng'ambo. Macho hayakumsikia.

Tororei hakuendelea kuvuka. Alishusha mkono wake wa kulia, kiganja kimeelekea chini, kama mtu anayeonyesha urefu wa mtoto wake kwa rafiki. Alikuwa na watoto, kipimo hicho alikijua bila fundi. Kiganja kikashuka taratibu mpaka kikagusa maji, kikaingia.

"Tatu na tisa ulisema?" aliuliza bila kugeuka.

"Tatu na tisa."

"Na hii maji?"

Bethwel alilamba midomo. Alitamani mara hii macho yake yawe yamekosea. "Tatu na kumi," alisema. "Na leo haijanyesha."

Tororei alibaki pale pale katikati, mkono wake ndani ya maji, na ncha ya tepu kwenye mkono wa pili. Hakuiachia.