Swali la Kwenu

Usinione nimekaa kimya ukafikiri sina hasira. Mwaka ule wa tisini na tano nilikuwa nazo tele, na nyingi zilimwangukia bibi yangu Georgette, mke wangu wa ndoa. Mimi Mathieu nimezaliwa hapa Zaïre, mji wa Likasi, kambi ya Panda, nimefanya kazi kiwanda cha shaba cha Shituru mpaka kilipolala, halafu ofisi inaniambia eti ni mgeni! Kwa nini? Kwa sababu marehemu baba alivuka kutoka Mporokoso, Zambia, akifuata kazi ya shaba. Niombe uraia, niulizwe maswali. Nikishindwa, ninavushwa mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, niende kuishi na watu nisiowajua hata mmoja.

Georgette, yeye mtu wa hapa hapa toka kwa mababu, akajifanya mwalimu. Nikinawa uso ananiuliza mikoa. Nikila bukari, ugali wetu, ananiimbisha wimbo wa taifa.

"Zaïre iko na régions ngapi?"

"Kumi na moja. Acha nimeze kwanza!"

"Taja yote. Utameza kisha."

Hayo yalikuwa mepesi. Kilichotushinda ni swali moja. Huku kwetu ukiulizwa kwenu ni wapi, hutaji mji uliozaliwa, unataja kijiji cha baba yako. Hata mtoto aliyezaliwa jana hapa Likasi, kama baba yake ni wa Kabongo, basi kwao ni Kabongo. Ndiyo heshima. Sasa Georgette akanikataza.

"Papa Mathieu, bakikuuliza kwenu, sema Likasi. Ukisema Mporokoso, batasema weye muntu wa Zambia, tumekwisha."

"Na baba yangu je? Nimukane?"

"Baba yako alisha kufa. Weye njo batavusha."

Iliniuma, sifichi. Lakini nilijizoeza nikitembea njiani, Likasi, Likasi, mpaka majirani wakadhani nimepagawa.

Siku ilipofika tulivaa nguo za kanisani. Ofisa alikuwa bwana mmoja mwembamba, jina lake Damas, mtu asiyecheka. Nilijibu yote. Wimbo niliuimba kwa nguvu mpaka akaniomba ninyamaze. Kisha likaja lenyewe.

"Papa, kwenu ni wapi?"

"Likasi," nikasema, nikamtazama Georgette kama mwanafunzi anayengoja makofi. Damas akaandika. Nikapumua.

Ndipo akamgeukia yeye, maana alikuwa shahidi wangu.

"Na weye, mama, kwenu ni wapi?"

"Kwetu ni Mporokoso," akajibu bila hata kupepesa jicho.

Yesu wangu! Nilitaka ardhi inimeze. Mwanamke aliyelelewa vizuri, akisha kuolewa, kwao ni kwa bwana yake. Ndivyo mama yake alivyomfundisha, na ndivyo alivyojibu maisha yote, sokoni, kanisani, matangani. Alihangaika kunifunga mdomo mimi, akasahau wake. Alipoona uso wangu akaelewa, akajiziba kinywa kwa mikono yote miwili.

"Zambia?" Damas akauliza. "Ulisha kufika kule?"

"Hapana."

"Mama, weye uko Zaïroise. Bwana yako akivushwa, weye hakuna muntu atakugusa. Utabakia ku nyumba yako."

Georgette akashusha mikono.

"Nibakie na nani? Akivuka, tunavuka wote. Andika vile."

Nilimkanyaga mguu. Hakuuondoa.

Damas akaweka kalamu chini. Akatazama dirishani upande wa stesheni, nami nikajua tumeharibikiwa.

"Bibi yangu alikuwa Mukasai, muntu wa Kasai," akasema mwishoni. "Ile siku balifukuza Bakasai bote hapa kwetu, alipanda treni na bandugu yake. Alininyooshea mukono ku dirisha." Akasugua macho. "Minye sikupanda."

Georgette alisema tu, "Pole, baba," polepole.

Damas akachukua tena kalamu.

"Mama, nakuuliza mara ingine. Fikiri muzuri. Kwenu ni wapi?"

Nilimwonyesha kwa midomo: Likasi! Likasi! Alikuwa analia, na machozi yakifika kidevuni hayafuti. Mjeuri yule!

"Mporokoso," akasema.

Damas akaandika, akapiga muhuri, akatusukumia karatasi tuisome kabla ya kutia sahihi. Ilisema nibaki. Na mbele ya jina la Georgette alikuwa ameandika Likasi.