Konokono wa Kankindi

Agripina alikuwa mtu wa kutembea bila kazi, na pale kijijini Keza hilo lilikuwa kama kosa. Mwanamke hutoka na ndoo, au na jembe, au na mtoto mgongoni. Yeye alitoka mikono mitupu, umande haujakauka, akashuka bondeni, akapanda upande wa pili, akarudi anatabasamu peke yake. Wifi yake Secilia, waliyepakana naye shamba, hakumwacha apite hivihivi.

"Wenzako wamekwenda kuchota maji, wewe umekwenda kuamkia konokono. Hawajambo huko?"

"Hawajambo, wanakusalimu," Agripina alijibu na kupita zake.

Lakini Septemba ikifika, hata Secilia alifunga mdomo, maana matembezi yale yaligeuka kazi ya ukoo. Bondeni kulikuwa na ua jekundu la mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, linalochomoza ardhini peke yake, bila jani hata moja, mvua zinapokaribia. Ukoo wa marehemu mume wa Agripina haukupanda maharage mpaka ua lile lionekane. Na aliyeliona wa kwanza alikuwa na masharti: asilichume, afunge fundo la nyasi kando yake, kisha arudi nyumbani kimya. Asimsalimu mtu njiani wala asimjibu, mpaka afike mlangoni kwake na kutamka neno "jembe". Akifungua mdomo kabla ya hapo, walisema, mvua itamsikia na kugeuka. Agripina hakujua kama anayaamini hayo au hayaamini. Aliyafuata tu, kama alivyomkuta mama mkwe wake akiyafuata.

Kisha wakimbizi wakaja, watu wengi kuliko aliowahi kuwaona maishani. Ng'ambo ya kilima kukawa na kambi, maturubai ya bluu mpaka macho yachoke, na wale watu walihitaji kuni kama mtu yeyote anavyohitaji kuni. Kilima kikanyolewa. Vichaka alimozoea kusikia dudumizi akilia vikageuka majivu, na kanga wakahama wasirudi. Agripina aliwachukia wakimbizi, tusimfichie. Aliwachukia kwa ajili ya miti, na usiku alijilaumu kwa kuwachukia watu waliokimbia vifo.

Asubuhi moja akamkuta mmoja wao njiani, mwanamke mwembamba aliyeinama, kitita cha kuni kimesawazishwa kichwani. Agripina akajua moja kwa moja: huyu anang'oa mizizi ya dawa. Akamkaribia kwa hasira. Kumbe mwanamke alikuwa ameokota konokono katikati ya njia na kumweka kwenye majani, upande ule ule alikokuwa akielekea.

"Unawahamisha konokono?" Agripina akamwuliza kwa Kihangaza. "Wewe mwenyewe una pa kuhamia?"

Lugha zao zilielewana bila taabu. Mwanamke hakukasirika. Alicheka, akashika kitita chake kisidondoke.

"Sina, mama. Ndiyo maana namsaidia huyu mwenye nyumba yake mgongoni."

Jina lake lilikuwa Kankindi. Tangu siku ile walikutana mara kwa mara bondeni, mmoja akitafuta kuni, mwingine hatafuti kitu. Waliyaona mengi: kinyonga anayevuka njia kwa madaha ya bibi harusi, na siafu wakihamisha mayai yao. Waliona pia yale maua ya rangi ya chungwa yenye miiba, ambayo watoto wa Ngara huyachomoa na kunyonya utamu wake. Kankindi alisema kwao Rwanda nako watoto hufanya hivyo hivyo, na watu wazima wale wawili wakasimama wakinyonya maua bila haya. Agripina akamweleza habari za ua jekundu, na kwamba mbegu zake zote za maharage zinalisubiri. Masharti ya kunyamaza hakuyataja. Mambo ya ukoo hayasimuliwi ovyo.

Septemba ile akaliona. Jua lilikuwa kali bado, lakini mguuni mwa kilima ua lilikuwa limechomoza, jekundu tupu, na konokono wametoka wamejaa kwenye nyasi mbichi. Moyo ulimruka. Akafunga fundo lake na kugeuka nyumbani, midomo imebana.

Nusu ya njia akamwona Kankindi akija mbio, bila kuni.

"Mwaramutse, mama! Nilikuwa nakutafuta," akamwamkia kwa lugha ya kwao.

Agripina akainamisha macho na kuendelea.

"Mama? Mwaramutse."

Alimpita karibu kiasi cha kugusana nguo, asitoe hata sauti ya kukohoa. Ilimuuma, lakini alijiambia kesho atamweleza na watacheka. Alipofika mlangoni akapaza sauti, "Jembe!" Secilia akasikia huko kwake, na kabla ya jioni walikuwa shambani wote wawili, wakizika ardhini kila punje waliyokuwa nayo.

Kikanyesha kimvua cha kudanganya, maharage yakachipua vizuri. Kisha jua likarudi na kukaa. Agripina aliyaona majani yakijikunja, yakageuka rangi ya udongo, na Secilia hakumtania tena, jambo lililomwumiza kuliko matani yote. Kwa mara ya kwanza tangu Agripina aolewe katika ukoo ule, nyumba zao mbili hazikuwa na mbegu hata ya kuonja.

Akashuka bondeni kuliuliza lile ua. Kando yake palikuwa pamechimbwa, na bomba la maji la kambini limeonekana, limefungwa mpira mpya mahali lilipopasuka. Kankindi alikuwa amekaa pale na kuni zake.

"Ni maji yetu yaliyokuwa yakivuja," alisema bila kunyanyua uso. "Kule bombani tulikuwa tunapata matone tu. Nilipoliona ua nikajua limedanganywa. Nikakimbia kukuambia."

"Kwa nini hukupiga kelele, mwanangu?"

"Nilikusalimu, mama. Mara mbili. Hukuitikia. Nikasema, na huyu naye ametuchoka."

Agripina akakaa chini pale pale. Alimweleza kuhusu fundo la nyasi, jembe na mvua inayosikia, na kila neno lilimtoka likiwa la kipuuzi kuliko lililotangulia. Akaomba radhi. Kankindi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua ncha ya kanga yake na kutoa kifurushi kidogo: maharage mekundu yenye madoa, aliyotoka nayo kwao.

"Hemani yataliwa na panya. Panda wewe. Siku nikirudi kwetu, unipe mbegu."

Mvua za kweli zilipokuja, maharage yale yalizaa. Agripina akampa Secilia nusu, na fungu la Kankindi akaliweka kwenye kibuyu, ndani ya majivu, lisiguswe na mtu. Halafu masharti ya kambi yakakazwa, wakimbizi wakakatazwa kutoka, na njia ya bondeni ikabaki na mtu mmoja.

Mwaka uliofuata, Desemba, amri ikatoka kwamba Wanyarwanda warudi kwao. Agripina alizisikia habari akiwa jikoni. Alichukua kibuyu, akamwita Secilia, wakatembea mpaka barabara ya Rusumo, iendayo mpakani. Ilikuwa imejaa watu ukingo hadi ukingo, chini ya mvua, magodoro na mikeka vichwani, nyuso hazionekani. Hakujua aanzie wapi. Basi akasimama kando ya barabara na kuanza kumsalimu kila aliyepita.

"Mwaramutse! Mwaramutse, mama! Mwaramutse, mwanangu!"

Wengine waliitikia, wengi hawakuwa na nguvu. Sauti ikaanza kumkauka.

"Wifi, pumzika kidogo," Secilia alimsihi. "Nyamaza kidogo tu."

"Nilikwisha kunyamaza," Agripina akasema, na kuendelea.

Mchana ulikuwa umesogea alipoona watu wakigongana na kulalamika. Kulikuwa na mtu aliyesimama katikati ya barabara na kuwazuia walio nyuma. Alikuwa amepiga goti na godoro kichwani, akipapasa chini kwenye tope, kisha akasogea ukingoni na kuweka kitu kwenye majani, taratibu, upande kilikokuwa kikielekea.

Agripina alifika pale kabla mtu yule hajasimama. Akainama naye kwenye tope. Akakisukuma kibuyu mikononi mwake.

Kankindi akakitikisa, akasikia punje zikigonga ndani, akauinua uso wake uliolowa chini ya godoro.

"Mwaramutse, mama," alisema.

Na Agripina, kwa sauti kidogo iliyobaki, akaitikia.