Mstari Mwekundu wa Bwana Clegg

Everald Bogle alizaliwa Mossfield, kaskazini mwa Uingereza, mwezi wa Februari, theluji ikiwa imefika madirishani. Mkunga alichelewa kwa sababu basi lilikwama njiani, na baba yake, mzee Lascelles, dereva wa mabasi hayohayo, ikabidi agonge bomba kwa nyundo mpaka barafu iachie, ndipo wapate maji ya kuchemsha. Jamaika, walikotoka wazazi wake, Everald aliijua kwa kalenda iliyotundikwa jikoni. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia hawezi baridi, si unamtafuta ugomvi tu?

Lakini ndivyo alivyoambiwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na ndiye mchezaji mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya Mossfield Rovers tangu klabu ianzishwe, enzi za babu zao. Agosti na Septemba alifunga mabao saba. Oktoba ilipoingia, meneja Stan Clegg akatundika kipimajoto kwenye mlango wa kutokea uwanjani, akachora juu yake mstari kwa penseli nyekundu. Zebaki ikiwa juu ya mstari, Everald anacheza. Ikishuka chini, Everald anakwenda kukaa jukwaani na koti lake, kama ajuza aliyeletwa kupunga upepo.

Clegg hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Angekuwa mbaya ungemtukana yakaisha. Huyu alimwita Everald kijana wangu, akamletea peremende za kifua, akamweleza kwa upole kwamba watu wa nchi za jua hawakuumbwa kwa baridi, si kosa lao, Mungu ndiye aliyepanga. Aliyapata hayo kwa mameneja wenzake, nao waliyapata kwa wengine, na uongo ukishapita midomo mingi hivyo huvaa suti na tai, ukakaribishwa kiti.

Everald alijaribu kila njia. Desemba, maji yameganda mitaroni, alisimama chini ya dirisha la ofisi ya Clegg na fulana ya mikono mifupi akilamba aiskrimu. Clegg akamtazama, akasikitika, akamwita daktari wa timu aje haraka maana kijana ameanza kuweweseka. Wakati huohuo Colin Ogden, winga aliyechukua nafasi yake, mzaliwa wa mtaa uleule wa Everald, alikuwa anaingia uwanjani na suruali mbili za sufu ndani ya bukta na glavu za mama yake, na hakuna aliyemchorea mstari mahali popote. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya Januari. Jioni ile wakurugenzi wangekaa kuamua nani aongezewe mkataba na nani aondoke, na mtu ambaye hajagusa mpira tangu Oktoba, ataombewa na nani? Mzee Lascelles alikwishamtafutia kazi ya kuosha mabasi, akamwambia siyo aibu, mabasi nayo yanakwenda. Everald aliitikia vizuri, akaenda kujifungia chooni.

Siku hiyo asubuhi alimkuta Mama Enid kwenye chumba cha kufulia. Mama Enid Tattersall alikuwa mfuaji wa jezi na mpishi wa chai, mjane mfupi aliyewahi kumfukuza mkurugenzi mmoja kwa fagio kwa kukanyaga sakafu mbichi. Everald akamweleza yote, akamaliza kwa unyonge, "Mama Enid, mimi si mgonjwa."

"Najua, mwanangu," akasema. "Mgonjwa ni yule mwenye penseli. Niachie mimi."

Saa saba na nusu mchana wanaume walikuwa bado wanasukuma theluji kwa makoleo ili mistari ya uwanja ionekane, na mpira ulioletwa ulikuwa wa rangi ya chungwa usije ukapotea. Mama Enid alichukua birika kubwa la chai ya wachezaji, lile la kuhitaji mikono miwili, akaliweka juu ya kigoda chini ya kipimajoto, akalifunika na taulo, kisha akasimama pembeni anakunja soksi. Aliposikia viatu vya Clegg vinakuja, akalibeba birika lake akaenda zake.

Clegg akaangalia kipimo. Zebaki ilikuwa juu ya mstari, juu kana kwamba ni Agosti. Akatazama nje, akaona makoleo. Akarudi kwenye kipimo. Ujue mtu huyu alikuwa jeshini miaka minane, kwenye mizinga, na huko alifundishwa kwamba macho hudanganya, vyombo havidanganyi. Akavua koti. Akavua na sweta. Akaingia chumbani akatangaza kwamba hali ya hewa imegeuka, Everald anacheza, na Colin avue hizo glavu asimtie aibu kwenye joto hili. Wachezaji wakatazamana. Colin akavua glavu, maana meneja ni meneja.

Timu ilipotoka, mashabiki wa wageni nyuma ya goli walianza kelele zao za nyani, kama kawaida. Wa nyumbani nao hawakuwa malaika. Kulikuwa na mmoja mwenye pua nyekundu ambaye tangu Agosti alikuwa anampigia Everald kelele arudi kwao, na kwao kwenyewe ni nyumba ya tatu kutoka kwa huyo bwana. Yalimuuma Everald kila mara, asikudanganye mtu kwamba alizoea. Ila siku ile alikuwa na shughuli.

Dakika ya ishirini alimpita beki mmoja, akampita wa pili, na shabiki mmoja wa wageni akarusha ndizi. Ndizi ile ilikaa kwenye mfuko wa koti tangu asubuhi kwenye baridi ile, imekuwa gogo. Ikapaa juu ya wavu, ikamshukia kipa wao wenyewe sikioni. Kipa akageuka kuwatukana, tena matusi ya kueleweka, na alipomaliza mpira ulikuwa wavuni. Refa hakuona ndizi, aliona bao. La pili Everald alilifunga kwa kichwa, bila msaada wa matunda.

Muda wote huo Clegg alikaa benchi na shati tupu, midomo ya bluu, akijifuta jasho ambalo halikuwepo.

Baada ya mechi wakurugenzi walikaa dakika chache tu, kisha Clegg akamwita Everald ofisini. Mkataba ulikuwa mezani, miaka miwili. Everald akausoma moyo ukimdunda, mpaka kifungu cha tisa: mchezaji huyu hatachezeshwa zebaki ikiwa chini ya mstari mwekundu. Furaha yote ikamtoka. Angeweza kutia saini akanyamaza, Mama Enid angembebea birika kila wiki, na yeye angeendelea kula mshahara wa uongo. Akairudisha karatasi mezani.

"Bosi," akasema, "leo zebaki ilipandishwa na birika la chai. Barafu iko nje tangu Jumatano."

"Birika," akasema Clegg.

"La chai."

Clegg akatazama dirishani, nako theluji ilikuwa inaanguka upya. Mwili wake, uliotii kipimo dakika tisini, ulipopata habari ukaanza kudai haki yake wote kwa pamoja. Magoti yakaanza, yakafuata mabega, yakafuata meno. Akashika kalamu ikamdondoka, akaishika tena. Everald alisubiri afukuzwe.

"Na wewe," akauliza Clegg meno yakigongana, "hukusikia baridi?"

"Nilisikia sana, bosi. Vidole vya miguu sivisikii mpaka sasa. Nilisikia kama Colin, kama wewe hapo. Nilikuwa nacheza tu."

Clegg akamtazama kama mtu aliyeletewa mgeni ambaye alidhani anamjua. Everald alihisi machozi, akakasirika nayo. Miezi minne alikuwa ameelezwa habari zake mwenyewe, na hili lilikuwa swali la kwanza.

Clegg akainama, akakifuta kifungu cha tisa kwa mstari uliokwenda upande kama mlevi, akamsogezea karatasi. Everald akaandika jina lake chini, na mkono wake nao ulikuwa unatetemeka kwa baridi.