Migongo ya Samaki

Samaki akiwa ndani ya beseni humwoni. Unaona mgongo wake tu. Naomba mlielewe hilo kwanza, maana nikiwaambia watu kwamba nilifuga samaki siku themanini na tatu, wananiuliza walikuwaje, nami nawajibu, "Walikuwa na migongo." Wanadhani natania.

Walikuwa watatu. Bibi Harusi alikuwa na mkia mrefu wa kujiburuza, Bosi alikuwa mnene na mweusi, na Mdaku hakukosekana popote wenzake walipokutana wawili. Niliwapata kwa Pampu, muuza samaki wa mapambo nyuma ya kituo cha mafuta. Duka lake linanguruma pampu za hewa kutwa nzima, hata akitoka nje bado anaongea kwa kupiga kelele. Likizo nzima nilimsugulia vioo vya matangi yake, mwisho akanipa samaki. Nyumbani sikuwa na pa kuwaweka, nikachukua beseni la mama lililopasuka ukingo.

Mama ni dobi. Sikusema mama anafua nguo. Nimesema ni dobi. Mashuka ya nyumba za wageni, makoti ya madaktari, mashati ya mwalimu wangu mkuu, yote yanapita mikononi mwake. Chumba chetu cha mbele ni meza ya kupigia pasi, na uani ni kamba juu ya kamba, baba akiingia inabidi ainame kama anayemsalimia mfalme. Na mama haketi. Anakula amesimama, anagomba amesimama, hata nikiwa na homa ananipa pole amesimama huku jicho moja linaangalia mawingu.

Siku nilipoingia na wale samaki alishika kiuno.

"Hiyo nini?"

"Samaki, mama."

"Macho ninayo. Mboga ya nani?"

"Si mboga. Ni wa kufuga. Wa kutazama."

"Wa kutazama! Kwenye beseni langu, na maji yangu ya kazi!" Akamgeukia baba. "Umemsikia mwanao? Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Huyu mimi nimechelewa."

Baba alicheka, lakini hakunitetea. Yeye ni fundi wa vioo, anakata vya madirisha na vya makabati, na ndiye niliyekuwa namtegemea. Alinivuta pembeni. "Tangi nitakutengenezea, kioo si tatizo. Lakini nyumba hii ina mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Mshinde mama yako kwanza."

Basi nikaenda kwa mwenye nyumba. Nilitaka tangi la kioo, likae kwenye kona ya chumba cha mbele chini ya dirisha, jua la asubuhi liwapige samaki ubavuni. Nilitaka kuwaona macho. Na kwa kuwa nasema ukweli, niseme wote: nilitaka mama siku moja aje aketi, atazame pamoja nami, hata dakika tano. Hilo la mwisho sikulitamka.

Mama alipiga pasi makoti mawili kabla hajanijibu.

"Miezi mitatu," alisema. "Wakikaa hai miezi mitatu, bila mimi kukukumbusha wala kukusaidia, tangi lije. Wakifa, beseni langu linarudi kazini na habari za samaki sitaki kuzisikia tena. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

Nilifanya kazi, jamani. Kila jioni nilikinga ndoo ya maji ya bomba nikaiacha wazi mpaka kesho yake, ile dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba iruke, kisha nikawabadilishia maji kidogo tu, sehemu moja kati ya nne. Mawe ya chini yakashika ute wa kijani, nami nikayaacha, kwa sababu Pampu alishanipigia kelele: "Ute huo ndio dobi wao! Ukiutoa, watakunywa mikojo yao wenyewe!"

Mama akipita alikunja pua. "Wanalala kwenye ukungu, na mwenye nyumba ni dobi. Wateja wakiona watasema nini?"

"Usiguse, mama."

"Nimegusa?"

"Usiguse tu."

Kwa nini asiguse, sikumweleza. Makubaliano yalikuwa asinisaidie, na mimi nikishika jambo sishikiki, nilitaka kushinda peke yangu, nije nimwambie, "Umeona?" Kila jioni nilichuchumaa kando ya beseni nikatazama ile migongo mitatu ikizunguka, nikajaribu kubuni nyuso zao. Siku moja nililala kifudifudi sakafuni, shavu kwenye saruji, labda nitaona kitu. Niliona plastiki ya bluu.

Siku ya themanini na tatu nilirudi kutoka shuleni nikamkuta mama mlangoni, hana nguo mkononi, anatabasamu.

"Njoo," alisema, akanishika mkono. Mara ya mwisho mama kunishika mkono nilikuwa darasa la pili.

Beseni lilikuwa kwenye ile kona niliyoitaka, juu ya kigoda kilichotandikwa kitambaa cheupe. Maji yalikuwa maangavu, ungedhani hayamo. Mawe yalikuwa meupe. Kumbe yalikuwa meupe siku zote. Na chumba kizima kilinukia mashuka ya nyumba ya wageni, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.

"Mawe nimeyaroweka tangu asubuhi, nikayasugua, nikasuuza mara tatu," mama alisema. "Na maji nimebadilisha yote. Ona wanavyong'aa! Tena wamechangamka, tangu mchana wanarukaruka."

Hawakuwa wamechangamka. Walikuwa wanatafuta pumzi. Mdaku alikuwa juu ya maji, mdomo unafunguka na kujifunga. Bosi alishalala ubavu. Bibi Harusi alizunguka mara mbili, naye akalala. Hivyo ndivyo nilivyowaona samaki wangu kwa ubavu mara ya kwanza. Bosi alikuwa na doa la rangi ya chungwa chini ya jicho. Siku themanini na tatu, na sikulijua.

"Wamelala?" mama aliuliza.

"Umewaua."

"Mimi nimesafisha tu..."

"Umewaua! Nani kakwambia uguse? Hujui kitu, mama! Wewe unajua kufua tu!"

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza nyumba nzima. "Ndiyo," mama alisema polepole. "Najua kufua tu." Akaenda mezani, akashika pasi.

Hapohapo baba akaingia kinyumenyume, amebeba vioo vitano vilivyofungwa kwa blanketi. "Mwenye nyumba kakubali!" alipaza sauti kabla hajageuka. "Wiki nzima ananisumbua, kata vioo, kata vioo. Kasema hizo siku saba zilizobaki hazina maana, mtoto ameshafaulu, leo wahamie..." Kisha akageuka akaona beseni, akatuona na sisi.

Ndipo nikaelewa. Mama alikuwa anawaandaa kwa safari. Kwake yeye, huwezi kuhamia nyumba mpya na uchafu wa zamani. Mama akikipenda kitu, anakifua.

Harufu ya kuungua ikatushtua. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati la mwalimu mkuu. Miaka kumi na tisa ya udobi, mama hakuwahi kuunguza hata leso. Alilikunja shati vizuri, alama ya kahawia ikabaki juu, akaliweka pembeni.

Vioo vikaegemezwa ukutani, vikakaa wiki mbili ndani ya blanketi lao. Beseni likarudi kazini. Mama alinipikia, alinipigia sare pasi, aliniuliza kama nina daftari. Lakini hakunitania. Sikuwahi kujua kwamba utani wa mama ndio uliokuwa umeijaza ile nyumba, mpaka ulipotoka. Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu na bado nilimkumbuka kama mtu aliyesafiri. Nilitamani aniite kiazi, kama alivyozoea. Nilitamani aseme tena kwamba alichelewa kunikunja. Kila asubuhi nilijiapiza leo namwomba msamaha, na kila jioni nililala sijamwomba.

"Kioo kikivunjika hakiungiki," baba aliniambia, "lakini mama yako si kioo. Nenda."

Sikwenda. Nasema hivyo kwa aibu.

Jumamosi moja kuliwaka jua kali, siku ya kukausha, siku ambayo kwa kawaida mama hasikii la mtu. Akavua aproni, akaacha ndoo zimejaa mashuka, akatoka. Mimi na baba tukatazamana. Alirudi mchana, amekumbatia mfuko wa plastiki kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na maji ya kahawia na sponji nyeusi, inanuka mtaro.

"Shika," alisema. "Taratibu! Isikauke."

"Nini hii, mama?"

"Uchafu." Akafuta jasho. "Nimekwenda kwa yule mtu wenu wa kelele. Nikamwambia, mimi ndiye niliyewaua, nifundishe. Kanifokea saa nzima, wateja wake wote wanasikiliza. Kumbe maji yana wafanyakazi wake, vijidudu vya kuyasafisha, na mimi niliwafukuza wote siku moja! Kanipa hii kutoka tangi lake la zamani, anasema ndiyo mbegu. Nimepita nayo barabara nzima, mimi, na uvundo huu. Nimekutana na mteja wangu wa mashuka. 'Mama Dobi, umebeba nini?' Nikamwambia, uchafu, nampelekea mwanangu."

Hapo nikashindwa. Nililia kama mtoto wa chekechea, nimeshika sponji.

"Nisamehe, mama. Lile neno..."

"Lile neno ni kweli. Lakini ungeniambia kwa nini nisiguse, kiazi wewe."

"Nilitaka kushinda peke yangu."

"Si umeshinda? Masharti yalikuwa nisisaidie. Nikasaidia. Aliyeshindwa ni mimi."

Baba aliunga vioo jioni ileile, na gundi ilipokauka tukajaza maji yaliyokuwa kwenye ndoo ya mama, ambayo aliibandika karatasi: USIGUSE. Tukatia mawe, tukatia sponji. Maji yakawa na ukungu, rangi ya chai iliyochuja. Pampu alisema tusubiri mwezi mzima kabla ya samaki. Kila mama akipita pale mikono ilimwasha. Nilimwona akiifuta kwenye aproni na kwenda zake.

Jana nimerudi kutoka shuleni, nikamkuta ameketi. Mama yangu, ameketi. Kwenye kigoda, mbele ya tangi lisilo na samaki, pasi imezimwa na mashati ya watu yanasubiri. Nikachuchumaa kando yake.

"Umeona?" alisema, akaonyesha kwa kidole bila kugusa kioo. Kwenye jiwe moja kulikuwa na kijani kidogo, ukubwa wa ukucha. "Limeanza jana. Na lile la nyuma litafuata."

"Nimeona, mama."

Tukatazama. Dakika tano zikapita, nilizihesabu, kisha zikapita nyingine.

"Bosi alikuwa na doa la rangi ya chungwa chini ya jicho," nilisema. "Sikulijua mpaka siku ile."

"Nililiona nilipokuwa nawahamisha," mama alisema. "Nikadhani ni uchafu. Nikajaribu kulifuta kwa kidole."

Sikujua nicheke au nilie, nikamwegemea begani.

"Wanakuja lini?" aliuliza.

"Wiki mbili zaidi."

"Mbali," mama alisema, na hakuinuka.