Bamba la Kitako

Bi Ione Tollefson alikuja karakanani kwangu, ninapotengeneza bunduki za kale, mwezi wa Februari, barabara zikiwa bado zimefunikwa na theluji. Alikuwa mjane wa miaka themanini na mmoja, na alikuwa amebeba bunduki ya babu yake ndani ya blanketi la farasi.

"Verlin," alisema, "wajukuu wanakuja wote kiangazi. Nataka niitundike ionekane kama kitu cha maana."

Ilikuwa bunduki ya wenzo, ile ya kusukuma chuma cha chini na kukirudisha, ya zile risasi za kizamani ambazo hazitengenezwi tena. Hapa Montana tunazo chache. Mimi nilikuwa nayo ya aina hiyo hiyo, niliyoihangaikia miaka saba kipande kwa kipande. Ilibaki bamba tu, ile shaba ya njano inayofunika kitako. Langu lilikuwa la kisasa, na kila mjuzi alilitambua.

Nilifungua bamba la Bi Ione ili nilisafishe. Nikalijaribu kwenye bunduki yangu. Likakaa kama limezaliwa pale.

Siku tatu nililitazama. Ya nne nikachukua lile la kisasa, nikalizeesha kwa tindikali, nikalifunga kwenye bunduki yake. Nilijiambia ataitundika ukutani, nani atageuza kitako? Alipokuja kuichukua aliniletea pai ya matunda ya porini, bado ya moto. Niliila yote.

Mwezi wa Mei niliipeleka yangu kwenye maonyesho ya bunduki za kale. Ilipata utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza. Rafiki yangu Burdette, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alisimama mezani kwangu akiita watu.

"Njooni mumwone mzee huyu. Mkewe alimkimbia, bunduki haikumkimbia."

Bi Ione akatokea katikati ya watu. Burdette akampisha. "Shika tu, mama. Kila kipande ni cha asili."

Aliigeuza. Kidole chake kikapita juu ya bamba, kikasimama kwenye kibonyeo kidogo upande wa kushoto. Nilikuwa nimekiona kibonyeo kile, nikadhani ni uzee tu. Alikigusa tena na tena. Kisha akaniangalia, nami nikainamisha macho.

"Naona," alisema. Akaiweka mezani taratibu, akaenda zake.

Burdette aliendelea kuongea. Mimi sikumsikia. Nilikusanya vitu vyangu kabla ya saa za kufunga, nikaendesha moja kwa moja hadi shambani kwake. Nilimkuta analisha kuku.

"Nimekuja kurudisha," nilisema.

"Najua."

"Kwa nini hukusema pale mbele za watu?"

Alimwaga mahindi yaliyobaki. "Nilikuwa na miaka tisa nilipoiangusha bunduki ile kwenye ngazi ya mawe, bamba likabonyea. Baba alinichapa wageni wakiangalia. Fimbo nimeisahau, Verlin. Wale wageni sijawasahau."

Nilifanya kazi kwenye meza ya jikoni kwake. Bisibisi iliteleza na kukwaruza mbao ya kitako. Alikuwa amekaa mbele yangu na kikombe cha kahawa, hakunimiminia.

Nilipomaliza alisema, "Bunduki hiyo usiiguse tena."

"Sawa, mama."

Utepe niliurudisha kwa waandaaji na kuwaeleza sababu. Burdette nilimwambia mwenyewe, asije akasikia kwa wengine. Alikuwa na bunduki yake karakanani kwangu, imefunguliwa, vipande vikiwa ndani ya boksi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila mzaha hata mmoja. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Na ile uliyonitengenezea mwaka juzi," aliuliza, "niipeleke kwa nani ikakaguliwe?"

Nilimwapia kwamba ile sikuigusa vibaya. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Kisha akainua boksi lake. Nilimfungulia mlango wa gari lake, kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa.