Doa Mguuni pa Msalaba

Msalaba wetu wa shaba ulining'inia kando ya mlango, na wote uling'aa isipokuwa mahali pamoja: mguuni, palipokuwa na doa jeusi la ukubwa wa dole gumba.

Nyumba yetu ina desturi yake. Anayesafiri huushika msalaba mguuni kabla ya kuvuka kizingiti, hata akiwa anakwenda Laela tu na kurudi jioni. Mwanangu Lazaro aliushika asubuhi ile alipoondoka kwenda machimboni. Alikuwa ametoka kupakia magunia ya mahindi, mkono umelowa jasho, na jasho lina chumvi. Shaba haisahau chumvi. Wiki mbili baadaye dole lake likajitokeza pale, jeusi, na mistari yake. Mwezi wa nne tukaambiwa shimo limetitia, na walioingia hawakuwa wameandikwa popote; kama Lazaro alikuwamo, hakuna aliyejua.

Miaka sita nimeusugua msalaba ule kila mwisho wa mwezi, nikilizunguka lile doa kama mkulima anavyolizunguka kaburi kwa jembe.

Mwaka huu shemeji yangu Adolfu akaja na maneno ya kuanua matanga. Akasema Lazaro asomewe misa ya marehemu, na mkewe Valeria afunguliwe njia, maana mwanamke hawezi kuwa mjane wa tetesi. Nikamwambia mtu asiye na kaburi hana matanga. Akacheka kidogo, akasema hata kuku alioacha Lazaro wameshapata vitukuu. Valeria alikuwa uani akipepeta ulezi. Hakuinua uso, lakini ungo ulisimama.

Misa ikapangwa Jumamosi. Msalaba ungelazwa mezani, mahali pa jeneza.

Ijumaa nikaandaa dawa yangu: machicha ya pombe ya ulezi yaliyochacha siku tatu, chumvi konzi moja, majivu niliyoyachekecha kwa kitambaa, na limao la Mtowisa, maana ya bondeni ndiyo yenye maji. Ukishapaka, usingoje zaidi ya Salamu Maria kumi. Ukizidisha, shaba hugeuka nyekundu kama ngozi iliyochunwa. Kisha maji ya uvuguvugu, kisha kitambaa kikavu. Nikasugua kichwa cha msalaba, nikasugua mikono. Nilipofika mguuni nikauweka chini.

Valeria akaja akakaa mkekani. "Mama, lete nimalizie."

"Utamfuta."

Ni mpole, mkamwana wangu. Miaka sita amekula ugali wa nyumba hii bila kuniuliza neno.

"Mama, kila jioni baada ya rozari unaweka dole lako hapo. Hebu weka sasa, uangalie."

Nikaweka. Likakaa kama mchi unavyokijua kinu chake. Doa lilikuwa pana, bapa upande mmoja, kama dole langu lilivyokuwa bapa kwa miaka ya kusaga. Na mistari ile niliyokuwa nikiisoma kila jioni kama barua ilikuwa mistari yangu. Sijui ni mwezi gani nilimfunika. Nilikuwa nikimbembeleza, kumbe namla kidogo kidogo.

"Uliona lini?" nikamuuliza.

"Mwaka wa pili, mama."

Nikachovya kitambaa. Doa halikubisha. Lilitoka kabla sijafika Salamu Maria ya sita.

Misa ilisomwa, watu wakala, wakatawanyika. Jumatatu Valeria akafunga nguo zake. Kaka yake alikuwa akimngoja barabarani wapande basi la Laela, kwao. Aliniambia atakuja kunisaidia kuvuna ulezi. Nikamwambia aje, nitamwekea jembe lake mahali pake. Tukaongea habari za mvua, na za mbuzi aliyekuwa karibu kuzaa.

Mlangoni akasimama, akanyoosha mkono mguuni pa msalaba. Shaba iliwaka hata nikauona uso wake humo, mdogo, umepinda. Mkono ukasita. Akavuta pindo la khanga yake, akalizungushia vidole, ndipo akaushika.

"Nisikuchafulie, mama," akasema, akavuka kizingiti.